Mahakama ya Rufani hupimaje ukweli wa shahidi katika kesi za ubakaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa pande mbili: ndugu wa mtu aliyefungwa miaka 30, na wazazi wa mtoto ambaye kwa ajili yake mtu huyo amefungwa. Wote wana wasiwasi mmoja: majaji ambao hawakumwona shahidi akizungumza watajuaje kama alisema kweli? Majibu yanahusu Tanzania Bara. Kenya na Zanzibar zimetajwa mahali pachache panapohusika. Namba za vifungu ni zile zilizozoeleka mahakamani kwa miaka mingi, lakini sheria zikitolewa kwa toleo jipya namba huhama, kwa hiyo angalia toleo linalotumika kabla hujaandika chochote cha kupeleka mahakamani.

Kesi ya ubakaji hupita mahakama zipi kabla ya kufika Mahakama ya Rufani?

Kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, na hiyo ndiyo rufani ya kwanza. Ya pili na ya mwisho ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambako rufani husikilizwa na jopo la majaji 3. Upande wa mashtaka nao una haki hiyo: Mkurugenzi wa Mashtaka akiona mtu ameachiwa isivyostahili, anaweza kukata rufani.

Tofauti ya rufani ya kwanza na ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Jaji wa Mahakama Kuu anatakiwa ausome ushahidi wote upya, auchambue, aupime na afikie uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi. Msimamo huo ni wa tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Pandya la mwaka 1957. Wanasheria wa Kenya wanaujua zaidi kwa jina la Okeno, shauri la mwaka 1972. Jaji akiishia kuandika kwamba hakimu alikuwa sahihi, bila kuonyesha yeye mwenyewe ameupimaje ushahidi, amempa mrufani sababu nzuri ya kusonga mbele, na Mahakama ya Rufani inaweza kuifanya yenyewe kazi iliyorukwa.

Ni kweli neno la mwathirika peke yake linatosha kumfunga mtu?

Ni kweli. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, ile ambayo kila mtu anaiita SOSPA, iliongeza maneno katika kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa na mazoea ya kutafuta ushahidi mwingine wa kumuunga mkono mwanamke au mtoto aliyesema ameingiliwa. Maneno yale mapya yanasema kwamba kama ushahidi pekee uliopo ni wa mtoto mwenye umri mdogo au wa mwathirika, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo hata kama haujaungwa mkono na kitu kingine.

Kinachosahaulika ni sharti lililofungwa humo humo: hakimu awe ameridhika kwamba shahidi hakusema lolote ila kweli, na sababu za kuridhika kwake ziandikwe. Ukisoma hukumu iliyotenguliwa, mara nyingi utakuta hapo ndipo ilipochanika. Hakimu amenakili ushahidi kurasa 6, akaruka hadi kwenye maneno “namwamini shahidi wa kwanza”, akatoa adhabu. Kwa nini anamwamini? Hakusema.

Na adhabu yenyewe si ya mchezo. Kwa ubakaji, kiwango cha chini kwa mtu mzima ni kifungo cha miaka 30, na aliyebaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha.

Mawakili wa Serikali hutaja sana kesi ya Selemani Makumba. Inasema nini?

Ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2006. Kiini chake ni kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe: mtu mzima athibitishe kwamba aliingiliwa na kwamba hakuridhia, na yule ambaye ridhaa yake haihesabiki kisheria, yaani mtoto, athibitishe kwamba aliingiliwa. Mantiki yake inaeleweka. Kosa lenyewe hufanyika sirini. Ukidai shahidi aliyeona kwa macho utakuwa umewafungulia wabakaji karibu wote.

Tatizo lilikuja pale mahakama za chini zilipoanza kulitumia jina la Makumba kama muhuri: mwathirika kasema, basi imekwisha. Mahakama ya Rufani yenyewe iliona mchezo huo. Katika shauri la Mohamed Said, Rufani ya Jinai namba 145 ya 2017, ilieleza kwamba haikukusudiwa hata siku moja neno la mwathirika lichukuliwe kama aya ya kitabu kitakatifu. Ni lazima lipite kwenye kipimo cha ukweli kama neno la shahidi mwingine yeyote. Ukitajiwa Makumba mahakamani, soma na Mohamed Said kabla hujakata tamaa. Na kama wewe ni upande wa mtoto, soma zote mbili pia, maana utaulizwa.

Majaji hawakumwona shahidi kizimbani. Wanampimaje?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu zuri kuliko yote liko katika shauri la Shabani Daudi. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupima mwenendo wa shahidi anapotoa ushahidi, yaani sauti, uso, kusitasita, kujiamini, ni kazi ya mahakama iliyomsikiliza. Lakini uaminifu wa shahidi una milango mingine 2 ambayo mahakama ya juu inaweza kuipita bila kumwona mtu. Wa kwanza ni mtiririko wa maelezo yake mwenyewe: je, mwanzo, katikati na mwisho vinashikana? Wa pili ni kuyaweka maelezo yake kando ya ushahidi wa wengine, ukiwemo wa mshtakiwa, na kuangalia kama vinakaa pamoja.

Maneno “ukiwemo wa mshtakiwa” yana uzito kuliko yanavyoonekana. Hukumu ambayo haikugusa utetezi kabisa, ikaupima ukweli wa mtoto kana kwamba mshtakiwa hakufungua mdomo, ina kasoro inayosikilizwa hata kwenye rufani ya pili. Haimaanishi mtu ataachiwa papo hapo. Mara nyingi majaji huuchukua utetezi uliorukwa, wakaupima wenyewe, na wakaona haukutikisa kitu.

Binafsi naona watu wanaupa uso wa shahidi thamani kubwa mno. Mtoto wa miaka 8 aliyesimamishwa mbele ya watu asiowajua anaweza kulia, kucheka, au kutazama dirisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kama aliingiliwa au la. Isitoshe, majaji wa rufani husoma alichoandika hakimu tu. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Kama shahidi alinyamaza dakika nzima kabla ya kujibu, na hakimu hakuandika kwamba alinyamaza, kwa mahakama ya juu ukimya huo haukutokea. Hakimu ana nafasi kisheria ya kuandika alichokiona kuhusu mwenendo wa shahidi. Wachache wanaitumia.

Jingine la kujua ni shauri la Goodluck Kyando la mwaka 2006: kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuna sababu za maana za kutomwamini. Kwa hiyo mrufani anayeandika tu “shahidi hakuaminika” hajaandika kitu. Sababu za maana ndizo zinazotakiwa: alijipinga, hadithi yake haiwezekani, ana chuki iliyothibitika, au anapingwa na shahidi mwingine ambaye hana sababu ya kudanganya.

Hakimu aliyewasikiliza mashahidi alihamishwa, na mwingine akaandika hukumu. Hiyo inaathiri nini?

Inaathiri sana, maana sifa ya “nilimwona shahidi” imeondoka na yule aliyehamishwa. Kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu hakimu mpya kuendelea, lakini sababu za kubadilisha hakimu zinatakiwa zionekane kwenye kumbukumbu. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya mashauri kwa kukosekana kwa sababu hizo. Fungua mwenendo wa shauri lako, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, tafuta siku hakimu mpya alipoingia, usome kilichoandikwa siku hiyo.

Mtoto alisema saa moja usiku, mama yake akasema saa mbili. Si wanajipinga?

Wanajipinga, lakini pengine haisaidii kitu. Mahakama hutofautisha mikanganyiko ya kawaida, inayoletwa na kusahau, hofu, muda kupita au umri, na ile inayogusa kiini cha kesi. Watu 2 waliopita kwenye tukio moja, wakaulizwa mwaka mmoja baadaye, hawawezi kutoa saa inayolingana. Mashahidi wanaolingana neno kwa neno ndio wa kutiliwa shaka zaidi.

Chukua mfano wa kubuni. Mtoto anasema aliitwa na jirani chumbani kwake saa moja, akapewa shilingi 500, akafanyiwa kitendo, akarudi nyumbani akilia. Mama anasema alirudi saa mbili. Mkanganyiko huu majaji watauruka. Sasa badilisha kidogo: mtoto anasema ni chumbani kwa jirani, mama anasema mtoto alimwambia ni shambani, na hati ya mashtaka inataja tarehe ambayo mwalimu, shahidi wa tatu, anasema mtoto alikuwa shuleni hadi jioni. Hapo hatuzungumzii tena saa. Tunajiuliza kama kuna tukio moja au matatu, na kazi ya upande wa mashtaka ilikuwa ni kulithibitisha lile lililoandikwa kwenye hati.

Mahakama iliyosikiliza inatakiwa iitazame mikanganyiko hiyo na kuitolea uamuzi. Ikiikalia kimya, mahakama ya rufani itaifanya kazi hiyo.

Alikaa kimya wiki nzima kabla ya kusema. Rufani itashinda kwa sababu hiyo?

Kuchelewa peke yake hakuangushi kesi. Kinachoulizwa ni kama kuchelewa kumeelezwa. Katika shauri la Marwa Wangiti, lililochapishwa katika ripoti za mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa, au kutomtaja kabisa, kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize maswali. Hilo halikuwa shauri la ubakaji, lakini kanuni yake inatumika kila siku katika kesi hizi.

Zingatia neno “kusikoelezwa”. Mtoto aliyeambiwa “ukisema nitakuchinja” ana maelezo. Binti anayeishi kwa mjomba anayemlipia ada, na mjomba huyo huyo ndiye anayetuhumiwa, ana maelezo. Lakini maelezo hayo lazima yatoke kinywani mwa shahidi na yaandikwe. Jaji hawezi kuyabuni kwa huruma. Nimeona waendesha mashtaka wakimaliza kumhoji mtoto bila kumuuliza kwa nini hakusema siku ile ile, na shimo hilo halizibiki kwenye rufani.

Kuna hali nyingine inayohitaji uangalifu: mtoto aliyemtaja mtu baada ya kuchapwa na mzazi. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa uchungu, wakidhani wanausaka ukweli. Mawakili wa utetezi hulikamata hilo haraka, na wana haki, kwa sababu fimbo huweza kutoa jina lolote.

Mtoto hakuapishwa. Ushahidi wake ni halali?

Unaweza kuwa halali. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtoto mwenye umri mdogo ni yule ambaye umri wake unaoonekana hauzidi miaka 14. Zamani hakimu alilazimika kwanza kumpima kwa maswali kama ana akili ya kutosha na kama anaelewa maana ya kiapo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa utaratibu ule: sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla ya kuanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo.

Wengi walidhani mambo yamekuwa mepesi. Hayakuwa hivyo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Godfrey Wilson, Rufani ya Jinai namba 168 ya 2018, ilielekeza kwamba ahadi haiwezi kudondoka kutoka hewani. Hakimu amuulize mtoto maswali mepesi kama umri wake, dini yake, kama anaelewa kiapo ni nini, kisha kama anaahidi kusema kweli, na ahadi yenyewe iandikwe. Ushahidi wa mtoto uliopokelewa bila ahadi umefutwa katika mashauri kadhaa, na kwa kuwa mara nyingi huo ndio uti wa mgongo wa kesi, kilichobaki hakikutosha. Katika hukumu za miaka ya karibuni Mahakama imelegeza kidogo, ikasema kukosekana kwa ahadi si lazima kuue ushahidi pale mahakama inapokuwa imeridhika kwa sababu zilizoandikwa kwamba mtoto alisema kweli. Kwa hiyo msitegemee hoja hii peke yake kama ilivyokuwa ikitegemewa mwaka 2019.

Linaloniudhi katika mashauri ya aina hii ni kwamba mtoto hakukosea chochote. Alisimama, akasema, akajibu maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili. Aliyesahau kuandika mstari mmoja ni mtu mzima aliyesomea kazi hiyo.

Shahidi alisema tu “alinifanyia tabia mbaya”. Hiyo inathibitisha kuingiliwa?

Inategemea na maelezo mengine. Sheria inadai kuingiliwa kuthibitishwe, hata kama ni kidogo kiasi gani. Lakini Mahakama ya Rufani imekubali katika mashauri zaidi ya moja kwamba watu wetu, kwa malezi, dini na aibu ya hadhara, hawatamki viungo vya mwili waziwazi, na kwamba maneno ya staha yanaweza kueleweka yakisomwa na mazingira yote. Mtoto akiongeza kwamba alivuliwa nguo, akalaliwa, akasikia maumivu sehemu zake za siri, picha imekamilika. Akiishia kwenye “tabia mbaya” na hakuna aliyemuuliza anamaanisha nini, mrufani ana hoja.

PF3 imefutwa kwenye kumbukumbu. Kesi imekufa?

Si lazima. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huondolewa kwa sababu kama kutosomwa mahakamani baada ya kupokelewa, au mshtakiwa kutoambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Ikiondolewa, majaji huuliza: bila karatasi hii, neno la mwathirika linasimama? Likisimama, kifungo kinabaki. Daktari akiwa alifika na kueleza alichokiona kwa mdomo wake, ushahidi wake wa mdomo unaweza kubaki hata fomu ikiondoka.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndugu wa mtoto wanapaswa kukijua: PF3 safi kabisa haimtaji aliyefanya. Daktari anaweza kusema kulikuwa na michubuko, anaweza kusema bikira haipo. Hawezi kusema ni nani. Hapo tunarudi kwa shahidi.

Hakukuwa na majeraha wala kelele. Si inaonyesha aliridhia?

Hapana. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba ushahidi wa kupambana, kama majeraha mwilini, hauhitajiki ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. Na kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa kwa kawaida haina nafasi. Kinachotakiwa ni umri wake uthibitishwe, na kuna vifungo vilivyoanguka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuthibitisha.

Mashahidi wote ni ndugu wa mtoto. Mahakama itawaamini?

Itawaamini kama wanaaminika. Hakuna kanuni inayosema ndugu hawaaminiki, wala sheria haitaji idadi maalumu ya mashahidi. Nyumbani kwa mtoto unatarajia kumkuta nani kama si ndugu zake? Hoja yenye nguvu ni tofauti: kuna shahidi muhimu, asiye ndugu, aliyetajwa na kila mtu, mathalani jirani aliyesikia kilio akafungua mlango, na hakuitwa wala haikuelezwa kwa nini. Mahakama inaweza kuhisi kwamba angeitwa asingeusaidia upande wa mashtaka.

Kesi ni ya kusingiziwa kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja. Tuseme hivyo kwenye rufani?

Swali la kwanza ambalo majaji watajiuliza ni hili: mlisema wakati shahidi yuko kizimbani? Kutomuuliza shahidi jambo zito wakati wa dodoso huchukuliwa kwamba umelikubali alilosema. Mshtakiwa aliyemwacha mama wa mtoto ashuke kizimbani bila kuulizwa lolote kuhusu kiwanja, akaja kukitaja kwenye utetezi wake au kwenye rufani, hoja yake huonekana imetungwa baadaye. Ni kanuni ngumu kwa mtu asiye na wakili, ambaye hata hajui maana ya dodoso, na majaji wakati mwingine huliona hilo. Lakini usiitegemee huruma yao.

Kama ugomvi ulitajwa kwa wakati, na shahidi akaukiri, basi onyesha ukurasa. Ugomvi uliokiriwa hauthibitishi uongo, ila humlazimu hakimu kueleza kwa nini alimwamini shahidi licha ya ugomvi huo.

Familia zimepatana, na mtoto sasa anasema alidanganya. Si mtu aachiwe?

Kupatana kwa familia hakuna maana kisheria. Kesi ni ya Jamhuri. Kuhusu mtoto kukana maneno yake, mahakama ya rufani husoma kilichosemwa mahakamani, haipokei barua za nyumbani. Kuna njia ya kuomba ushahidi wa nyongeza uchukuliwe, lakini hutolewa kwa nadra, na majaji wanajua vizuri yanayoweza kutokea kati ya hukumu na rufani: ng’ombe, fedha, vitisho, shinikizo la bibi. Mtoto aliyekana baada ya vikao vya ukoo atapimwa kwa ukali zaidi kuliko siku ile ya kwanza.

Kwenye rufani ya pili tunaweza kubishania tena ukweli wa shahidi?

Kwa mipaka. Rufani ya pili ni ya hoja za kisheria. Mahakama 2 za chini zikikubaliana kuhusu ukweli wa jambo, Mahakama ya Rufani huingilia kwa nadra: pale ushahidi ulipoeleweka visivyo, haki ilipopotoka, au kanuni ya sheria ilipovunjwa. Ukweli wa shahidi huingia kwa mlango huo. Usiandike “mahakama ilikosea kumwamini shahidi wa kwanza” ukaishia hapo. Andika kwamba mahakama zote 2 hazikuutazama mkanganyiko fulani, au hazikuupima utetezi, au hazikuandika sababu zinazotakiwa na kifungu cha 127.

Majaji huweza kuamua matokeo tofauti kwa watu waliohukumiwa pamoja. Katika shauri linalojulikana na kila Mtanzania, la mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliwaachia watoto 2 na kubakiza vifungo vya baba na mwanawe mmoja. Kila mrufani hupimwa kwa ushahidi unaomhusu yeye. Waliobaki walitoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais, na msamaha hauhusiani na mahakama kubadili mawazo kuhusu mashahidi.

Rufani ikishinda, mtu huachiwa au kesi huanza upya?

Yote 2 hutokea. Kesi huamriwa isikilizwe upya pale kasoro ilipokuwa ya mahakama na haki inadai hivyo. Haiamriwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake.

Kenya wanafanya tofauti?

Kidogo sana. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mwathirika wa kosa la kujamiiana kuaminiwa peke yake, nacho pia kinadai sababu ziandikwe. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika shauri la Mukungu, ilikwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa sababu tu shahidi ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka katiba. Sheria yao ya Makosa ya Ngono ni ya mwaka 2006. Zanzibar wana sheria zao za adhabu na ushahidi, ila rufani zao nazo hufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Tuna muda gani?

Kwenda Mahakama Kuu: taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha petisheni ya rufani ndani ya siku 45, siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Kwenda Mahakama ya Rufani: taarifa ndani ya siku 30. Aliye gerezani hupitishia kwa mkuu wa gereza. Ukichelewa, omba kuongezewa muda na utoe sababu yenye uzito. Baada ya uamuzi wa mwisho kuna maombi ya mapitio ndani ya siku 60, lakini hayo si rufani nyingine: kusema tena kwamba shahidi alidanganya hakutasikilizwa.

Tuanzie wapi kuandaa hoja?

Pata nakala ya mwenendo wa shauri, siyo hukumu peke yake. Hukumu inakuambia hakimu aliamini nini. Mwenendo unakuambia shahidi alisema nini, na vitu hivyo 2 havilingani kila mara. Chora safu kwenye daftari: shahidi, ukurasa, alisema nini kuhusu siku, mahali, mwanga, aliyemwambia kwanza, na muda uliopita kabla ya kumtaja mtu. Ukimaliza mashahidi wa mashtaka, jaza na utetezi. Kisha fungua tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama ya Rufani husomwa bure, utafute mashauri ya karibuni yanayofanana na lako. Kila hoja utakayoandika iwe na namba ya ukurasa wa mwenendo pembeni.